Kobe, Upande wa Kwangu

Jumapili, 4 Februari

Bosi wangu,

Salamu kwanza, mengine yafuate. Mimi mzima. Sikio la kulia bado ni pambo tu, la kushoto linafanya kazi ya yote mawili, na ndiyo maana nakuandikia. Juzi nilipokupigia simu ulisema neno, nikasikia "mchele", nikajibu kwamba nimeshakula, ukakata. Simu na mimi basi tena.

Sasa nina jambo, na usinicheke kabla hujafika mwisho. Najenga Kobe, lile gari letu.

Unaijua ile shule ya watoto wadogo ninakofanya ukarabati. Mwezi uliopita waliletewa vitu vipya vya kuchezea, mkuu wa shule akaniambia nikatupe gunia la matofali ya plastiki, yale madogo yenye vitufe juu, ambayo watoto huyabandika moja juu ya jingine. Nikalibeba hadi jaani. Kabla sijalimwaga nikaingiza mkono, na tofali la kwanza kutoka lilikuwa na umbo la kile kidaraja cha kupandia garini kwetu. Nikarudi nalo nyumbani. Mzee wa miaka hamsini na nane, gunia la michezo begani, na majirani wametoa macho.

Nilianza kwa mzaha. Sasa nakula sahani ikiwa mkononi kwa sababu meza imekaliwa na chasisi. Nimepiga hesabu: kitufe kimoja ni nusu shubiri ya gari lenyewe, kwa hiyo Kobe mzima anakuja vitufe arobaini na tano, kutoka bampa ya mbele hadi ndoano ya nyuma. Kobe alikuwa mweupe na matofali meupe ni machache mno, hilo tutalitazama tukifika.

Utaniuliza kwa nini. Bosi, miaka kumi na saba tumewapeleka mafundi wa pampu za maji mahali ambapo barabara ilikuwa ya kubahatisha, halafu wakamuuza Kobe kama chuma chakavu siku sisi tuko likizo. Hatukumuaga. Na mimi tangu siku ya kwanza sijawahi kukushukuru sawasawa. Magari manne yalikuwa yameshanifukuza kwa sababu ya sikio, nami kwako nikalificha. Ukawa unarudi nyuma, mimi niko nyuma nakuelekeza. Ukauliza nafasi iko kwako au kwangu, nikasikia nusu, nikajibu "kwangu", ukadhani kwangu ni kwako, tukalivaa tenki la maji kwa mlango wangu. Niliingia ndani kuchukua mfuko wangu niende zangu. Nilipotoka ulikuwa umeshaandika kwenye daftari la gari kwamba umegonga mwenyewe kwa uzembe wako.

Jioni ile ile ukanifundisha kugonga bodi. Moja simama, mbili twende, tatu rudi. Wewe ukigonga kutoka ndani, mimi nimeweka kiganja kwenye bodi, nasikia kwa kiganja. Halafu ukatunga ile sheria yako: mlango wa utingo ni "kwangu" na mlango wa dereva ni "kwako", awe anaongea nani. Mafundi walikuwa wakikusikia unasema "tairi la kwangu limepungua upepo" huku unanyoosha kidole upande wangu, wanacheka hadi wanashika mbavu. Ila hatukugonga kitu tena. Na jina la Sikio walinipa wao, wakidhani natambua beringi mbovu kwa kusikiliza. Kumbe nilikuwa naweka mkono tu. Ukaniacha niitwe hivyo miaka yote, hukuniumbua.

Basi nisaidie. Kifuniko cha tangi la mafuta kilikuwa upande gani? Na bomba la ekzosi? Kichwa changu kinaniambia kitu lakini sikiamini. Nikimaliza nitamleta Kobe mwenyewe, kwa basi, nimempakata.

Utingo wako,
Sikio


Jumatatu, 19 Februari

Sikio,

Nimecheka, umenikataza bure. Usishangae herufi za mashine. Binti yangu amekuja na kompyuta kutoka shuleni anakofundisha, na unaujua mwandiko wangu ulivyokuwa kwenye daftari la gari. Wahasibu walidhani ni ramani.

Habari ya Kobe imenifurahisha kuliko ninavyoweza kusema. Nimekaa kitini asubuhi nzima nampima kichwani. Kutoka kwenye usukani hadi kioo cha mbele zilikuwa shubiri tatu kasoro vidole viwili. Kiti changu kilikuwa na mpasuko wa kutosha kidole gumba. Mkono wa gia ulikuwa na kifundo cha mbao nilichokichonga mwenyewe, kile cha kiwandani kilipotelea mtoni, unakumbuka. Mbao yake ilikuwa laini upande mmoja tu, upande wa kiganja.

Kifuniko cha mafuta kilikuwa kwako, nyuma kidogo ya mlango. Ekzosi ilitokea kwangu.

Kuhusu tenki la maji, hilo ni la zamani, acha. Kuhusu afya, mimi sijambo kabisa. Lakini usije kwa sasa, nyumba inapakwa rangi na hakuna hata pa kukalisha mgeni.

Wako,
Dereva


Jumapili, 10 Machi

Bosi,

Umeniumiza kichwa lakini nimetii. Kifuniko cha mafuta nilikuwa nimeshakiweka kwangu, kwa sababu nakumbuka nikijaza mafuta nimeegemea mlango wangu mwenyewe, jua linanichoma kisogo. Umesema kwako, nikabomoa ubavu mzima nikahamisha. Ekzosi nayo nikaivusha. Ukisema wewe, mimi ni nani.

Ndani ya bahasha kuna picha. Mwalimu mmoja wa hapa alinipigia kwa simu yake akaitoa kwenye karatasi. Magurudumu nimeyatoa kwenye trekta la kuchezea lililokuwa limekufa. Usukani unazunguka na magurudumu yanafuata, siyo kidogo hilo, limenichukua siku tisa na ulimi wangu nimeuuma mara mbili. Rangi usiniulize. Picha utaiona mwenyewe na utacheka mpaka binti aje kuuliza kuna nini.

Nimeomba likizo wiki ya tatu ya Aprili. Rangi ya nyumba itakuwa imekauka. Niambie tu kama asubuhi ni nzuri au mchana.

Sikio


Ijumaa, 22 Machi

Sikio,

Picha nimeipokea na nimeiangalia sana. Ni Kobe mwenyewe, hana kasoro. Jeupe lile lile, hadi roho imetulia. Umefanya kazi ya mtu mwenye mikono.

Usisahau bonde la mlango, lile la tenki la maji. Lilikuwa mlango wa kwako, chini ya kitasa, kina cha ngumi moja. Mtu akiegemea pale goti lake linaingia humo kama limepimiwa. Wengine walitaka linyooshwe, nikawakatalia.

Wiki ya tatu ya Aprili haitafaa. Rangi ya kwanza haikushika, wanarudia. Na njia ya huku imeharibika. Afadhali tuendelee kuandikiana, barua zako ndizo ninazozisubiri sasa. Nakuambia kweli hilo.

Dereva


Jumanne, 2 Aprili

Mwanangu Mwalimu,

Barua hii ni yako, nimeituma kwa anwani ya shuleni kwako kwa makusudi. Mimi ni utingo wa baba yako. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinivua kofia.

Nakuuliza na unijibu kama unavyomjibu baba yako mdogo, bila kunizungusha. Baba ana nini?

Ameniandikia kwamba bonde la mlango lilikuwa "mlango wa kwako". Mwanangu, lile bonde nililiegemea miaka kumi na saba. Goti linaloingia humo ni langu. Lilikuwa kwangu, na baba yako anajua kuliko mtu yeyote kwamba mlango wangu unaitwa kwangu. Ni sheria yake. Hajawahi kuikosea hata mara moja, hata siku tulipozama na maji yakatufika kiunoni. Sasa barua mbili mfululizo kila kitu kimegeuka.

Na kuna la picha. Kobe wangu wa mezani ana boneti ya waridi, mlango mmoja wa kijani, mwingine wa njano, na paa la buluu. Matofali meupe nilipata kumi na moja. Baba ameniandikia "jeupe lile lile".

Nimefikiria mambo mawili. Ama akili yake inamtoka, ama anayeshika kalamu ni mtu mwingine na yeye picha hakuiona. Sijui niombe lipi. Nimeacha kujenga, sigusi hata tofali. Niambie.

Baba yako mdogo,
Sikio


Jumanne, 9 Aprili

Shikamoo baba mdogo,

Barua yako nimeisoma kwenye ofisi ya walimu, nikalazimika kutoka nje kidogo.

Akili yake ni nzima kuliko yangu. Ni macho. Presha ya macho ilichukua la kushoto mwaka juzi, na mwaka jana, kabla ya mitihani, likafuata la kulia. Sasa anajua dirisha liko wapi kwa sababu ya joto lake. Daktari amesema hayarudi.

Barua zote nachapa mimi, yeye anatamka. Kosa la pande ni langu na naona aibu kulieleza. Ukutani kuna picha yenu ya zamani, Kobe ameegeshwa na bonde linaonekana wazi kwenye mlango wa abiria. Baba akatamka "bonde lilikuwa mlango wa kwangu". Tangu barua ya kwanza nilikuwa nimeona anachanganya, nikajiambia amesahau, maana dereva akimwandikia utingo, mlango wa utingo ni "kwako". Nafundisha sarufi miaka kumi na mbili. Nikasahihisha. Kila alipotamka kwangu niliandika kwako, na kwako nikaandika kwangu, kimyakimya, kama nasahihisha madaftari ya watoto. Barua yako ya kwanza nilimsomea mimi, na sheria yenu ilikuwa humo imeelezwa vizuri, nikaipita nikidhani ni utani wenu. Nisamehe.

La picha siyo langu. Nilitaka kumweleza rangi, akaninyamazisha. Akasema, "Kobe ni mweupe. Andika mweupe."

Nyumba haijapakwa rangi, baba mdogo. Hataki uje. Hataki mtu yeyote. Tangu mwaka jana hajavuka mlango wa mbele. Fimbo nyeupe niliyopewa hospitali iko nyuma ya mlango na karatasi yake bado haijatolewa. Nikitaka kumshika mkono anasema dereva haongozwi. Anashinda kwenye kiti kile kile, na kitu pekee kinachomfanya akae wima ni siku ya barua yako. Naogopa kwamba atabaki hapo kitini mpaka mwisho. Na anaogopa ukijua utakuja kumhurumia, halafu utaacha kumwita bosi.

Fanya unaloona linafaa. Mimi nimeshindwa.

Mwanao,
Mwalimu


Jumanne, 30 Aprili

Bosi wangu,

Mwanangu Mwalimu, msomee barua hii kama ilivyo, na usisahihishe hata nukta.

Bosi, najua kuhusu macho. Usimkasirikie binti, nilimbana. Na kabla hujaanza kuguna, mimi sikuhurumii. Nimekukasirikia. Siku tatu nilikuwa natembea na hasira shuleni mpaka watoto wananikwepa. Wewe ulilibeba sikio langu miaka kumi na saba bila mtu kujua, halafu macho yako ukayaficha kwangu. Kwangu, Bosi. Mtu wa kwanza uliyetakiwa kumwambia.

Hasira ikaisha nikalia, sikufichi, kisha nikarudi mezani nikabomoa gari lote. Nilikuwa nimejenga gari la kutazamwa. Hili lililo mbele yako kwenye boksi nimelijenga upya la kushikwa.

Basi litoe. Weka kiganja kwenye boneti. Bawaba yake nimeipaka grisi ya kweli, inusu. Nenda nyuma kwenye kioo cha mbele, kisha ingiza vidole viwili dirishani. Kuna usukani, uzungushe usikie magurudumu. Kuna mkono wa gia, kifundo chake nimekichonga cha mbao, laini upande mmoja tu. Kiti chako kina mpasuko. Haukutosha kidole gumba, umetosha ukucha, utanisamehe. Turubai la nyuma ni turubai kweli, nimelikata kwenye lile la zamani nililoondoka nalo siku ya mwisho. Ndiyo, mimi ndiye niliyelichukua. Ulinitetea mbele ya mtunza stoo ukasema halikuwahi kuwepo.

Sasa shuka mlango wa kwangu. Chini ya kitasa nimeyarudisha ndani matofali manne, hatua moja. Lisikilize kwa kidole. Hapo ndipo ulipoandika kwenye daftari kwamba kosa ni lako, wakati mimi nimesimama na mfuko mkononi. Mke wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kulala njaa baada ya siku ile, na watoto wangu wamesoma, wote kwa sababu ya lile bonde. Ahsante. Nilitakiwa kuisema zamani lakini tulikuwa kazini.

Rangi ni vurugu tupu. Boneti ya waridi, paa la buluu, hata mkuu wa shule alisikitika. Kila anayelitazama anaona takataka za gunia. Nimezunguka nalo kumtafuta mtu wa kuliona jeupe na nimempata mmoja tu, ni wewe. Kwa hiyo hukunidanganya kwenye ile barua.

Na hili la mwisho. Nimeambiwa unasema dereva haongozwi. Bosi, usinifanye mtoto. Miaka kumi na saba nani alikuwa amesimama nyuma ya lile gari? Hukuwahi kuona nyuma ya Kobe hata siku moja, mizigo ilijaa hadi juu. Ulikuwa unarudi kwenye ukingo wa mto, kwenye mashimo ya pampu, kwenye uwanja uliojaa watu, huoni kitu, kwa kugongewa tu tatu za kurudi na kiziwi. Hukuona aibu. Ulikuwa unaimba.

Nimekuachia kosa moja upande usio wake. Litafute.

Siji mpaka uniite. Lakini bosi nitakuita mpaka siku nazikwa, hilo hukulipanga wewe.

Utingo wako,
Sikio


Jumapili, 12 Mei

Sikio

naandika mwenyewe. binti ameniwekea rula niifuate, mistari ikipandana utajua njia mwenyewe. wahasibu wangefurahi.

boksi lilifika jumatano. nilimwambia binti aende zake shuleni aniache. nilianza kwenye boneti kama ulivyosema. grisi ilinimaliza. nililia mapema, nikapumzika, nikaendelea.

bonde nimelipata. kidole kimekaa humo mpaka mchana.

kosa lako nimelipata siku ya pili. ekzosi iko kwangu. ilikuwa kwako. usinielekeze namna ya kuihamisha, mikono yangu haiwezi bado. itabidi aliyeiweka aje aitoe.

uliposema niliimba nilikataa, kisha nikakumbuka wimbo. ni kweli nilikuwa naimba. nilikuwa siogopi kwa sababu ni wewe uliyekuwa nyuma. sikuwahi kukuambia hilo nami nilikuwa kazini. ahsante sikio. miaka yote ile uliniongoza nikadhani nakusaidia.

fimbo nimeitoa karatasi. jana nimefika nayo getini, binti nyuma yangu, hakunishika, anagonga tu ukuta kwa funguo zake. amejifunza. leo nimefika tena. fimbo inagonga vizuri, unaisikia mpaka kwenye kiganja.

nyumba haijapakwa rangi tangu tuhamie.

niko getini sasa hivi, kobe nimempakata, nimeweka mkono kwenye mlango wa kwangu.

nagonga tatu.

dereva wako